Pikipiki Mpya Nyumbani: Zoeeni Tabia Zake Wote Wawili



Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na tangu hapo zikaenea upesi vijijini. Hapa Chepkoilel pia, nyumba nyingi huitegemea. Asubuhi inapeleka maziwa, mchana inabeba mbolea, na usiku mtoto akishikwa na homa ndiyo inayokimbilia Eldoret.

Lakini chombo kipya huweza kuleta ugomvi wiki ile ile kinapoingia. Baba anasema, "Tumeuziwa kitu kibovu!" Mama anajibu, "Si nilikuambia tununue ng'ombe?" Mara nyingi pikipiki si mbovu, bali haijazoeleka. Leo tujifunze kutenganisha tabia yake na ugonjwa wake.

1. Asubuhi ya baridi

Eldoret iko juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano, na alfajiri ni baridi. Injini yenye kabureta hugoma kidogo. Vuta choki, piga kiki bila kuzungusha sana mkono wa mafuta, ingoje ipate joto, kisha rudisha choki. Ukisahau kuirudisha, petroli hupotea bure, moshi mweusi hutoka na plagi hulowa. Tena, ikichoka mlimani, usiitukane. Hewa nyepesi huipunguzia nguvu. Shusha gia moja, uende polepole.

2. Sauti zake

Ukiizima baada ya safari utasikia "tik, tik". Hicho ni chuma kinachopoa. Breki zikilia kidogo kwa sababu ya umande, kisha zikanyamaza, usiwe na hofu. Lakini injini ikigonga, oili ikidondoka, au cheni ikipiga kifuniko chake, huo ni ugonjwa. Mwone fundi siku hiyo hiyo.

3. Kilomita za kwanza

Usiikimbize wala kuibebesha magunia ikiwa ngeni. Vyuma vyake bado vinazoeana, breki hazijakaa sawa, na matairi mapya huteleza, hasa kwenye tope. Oili ya kwanza humwagwa mapema. Soma kijitabu kilichokuja nayo. Cheni mpya nayo hulegea upesi, basi ipimeni kila wiki. Isining'inie, wala isikazwe kama waya wa ua.

4. Riziva

Hapa ndipo nyumba nyingi hugombana. Pikipiki nyingi zina bomba dogo chini ya tangi. Mafuta yakipungua, injini inakohoa. Unageuza bomba upande wa riziva, nayo inaendelea kwa muda mfupi. Sasa tuseme baba amegeuza jioni, amefika nyumbani, amelala bila kusema. Usiku wa manane mtoto anaugua. Mama anatoka naye akiendeshwa na shemeji, na njiani pikipiki inazimika kabisa, kwa maana akiba imekwisha kutumika. Haikuharibika kitu ila neno moja halikusemwa. Basi iwe kanuni ya nyumba: aliyegeuza riziva amwambie mwenzake kabla ya kula. Na mkijaza mafuta, rudisheni bomba mahali pake, la sivyo siku nyingine hamtakuwa na akiba.

5. Anayekaa nyuma

Mtu akipanda nyuma, pikipiki hubadilika: usukani huwa mwepesi, na breki huhitaji nafasi ndefu zaidi. Mama akisema, "Punguza mwendo," hamdharau baba. Yeye ndiye anayeona hatari asiyoweza kuizuia kwa mkono wake. Kubalianeni ishara, kwa mfano kugusa bega mara moja kumaanisha "polepole" na mara mbili "simama". Kumbukeni pia kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2012 inaruhusu abiria mmoja tu, na wote wawili wavae helmeti na jaketi ya kuakisi mwanga. Baba, mama na mtoto katikati, hapana.

Mwisho, baba asiwe peke yake mwenye kuijua. Mama naye afundishwe choki, riziva na kupima oili, hata kama haendeshi. Chombo kinachojulikana na mmoja tu huwaacha wengine gizani siku mmoja huyo anapokuwa mbali.

Maswali ya kujadiliana jioni
(a) Nani kati yetu anajua riziva iko wapi?
(b) Je, kuna mwendo unaomtia mwenzangu hofu, naye hajawahi kuniambia?
(c) Fedha za oili na breki tunaziweka wapi, na nani anazitunza?

Jibuni kwa upole, kila mmoja kwa zamu yake.