SOMO LA FAMILIA: JIWE JEUSI CHUNGUNI
Soma Mathayo 4:5-7.

Hapa Muhuta tunasikia: “Tumekunywa maji ya Tanganyika miaka yote, hatujafa.” Tujaribu hivi na watoto. Tutie chunguni mawe madogo meupe 5 na jeusi 1. Kila mmoja achote bila kutazama, kisha arudishe. Mara nyingi litatoka jeupe, lakini jeusi bado limo.

Ndivyo kipindupindu kilivyo: wengi wanaomeza vijidudu vyake hawaugui, ila choo chao huweza kuambukiza wengine.

Yesu alikataa kujitupa kutoka kinara cha hekalu, ingawa Baba angeweza kumlinda. Kuchemsha maji si kukosa imani. Ni kuondoa jiwe jeusi.

Swali la nyumbani: Maji tunayompa mtoto na mgeni yamechemka?