Mkono Mwepesi Katika Gofu

Fundi wa nyundo katika Industrial Area ya Nairobi hushika mpini kiasi cha kutoponyoka tu. Akiukaba, kiwiko hukakamaa na pigo hukosa nguvu. Ndivyo ilivyo katika gofu, mchezo wenye chama mjini humo tangu mwaka 1906.

Fimbo ya gofu hupita katika mduara ulioinama, mfano wa gurudumu la baiskeli lililoegemezwa ukutani. Mtumia mkono wa kulia akiishusha kutoka nje ya mduara huo na kuukata mpira kuja upande wake, mara nyingi mpira hupinda kulia, ukapotea vichakani. Mwenye mshahara mdogo hana mipira ya kupoteza. Basi kwanza na alegeze vidole, ndipo atafute nguvu.