Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 16: Mbwa, kiu na swaumu zetu



Mama mmoja kaniletea swali. Mwanawe kaokota mbwa mdogo kwenye rundo la maranda, huku kwenye karakana za samani. Mguu umevunjika. Baba mtu anataka atupwe kabla ya magharibi, kwa kuwa ni najisi na mwezi ni mtukufu. Wafanyeje?

Hadithi mnaijua, imo kwa Bukhari na Muslim, kapokea Abu Huraira r.a. Mtu alikuwa njiani, kiu ikambana, akateremka kisimani akanywa. Alipotoka akamkuta mbwa katoa ulimi, anakula udongo mbichi kwa kiu. Akatambua kuwa hali ile ndiyo iliyokuwa yake muda mchache nyuma. Akashuka tena, akajaza maji kiatu chake cha ngozi, akakiuma kwa meno maana mikono anaihitaji kupandia, akamnywesha. Allah akampokelea, akamsamehe. Masahaba wakauliza kama hata kwenye wanyama tunapata ujira. Mtume s.a.w. akawajibu kuwa upo, kwa kila chenye uhai.

Hebu tazameni: yule bwana alikuwa keshakunywa! Shida yake imekwisha, safari inamngoja. Sisi saa kumi jioni koo limekauka tunawaonea huruma wote wenye kiu duniani. Adhana ikilia, dakika tano tu, tunaulizana nani kamaliza sambusa. Yeye alirudi chini.

Sasa najisi. Kwa madhehebu yetu ya Imam Shafi, mbwa ni najisi nzito, na sitalipunguza hilo ili nimfurahishe mtu. (Imam Malik kamwona ni twahara, wanachuoni wamehitilafiana, tusitukanane.) Lakini najisi ni hukumu ya kuosha, si ruhusa ya kutesa. Damu yako ikitoka nayo ni najisi, mbona hujichukii? Mate yake au unyevu wake ukikugusa, osha pale palipoguswa mara saba, moja iwe kwa maji yenye udongo. Mkavu kwa mkavu, hakuna cha kuosha. Udhu hautenguki, swaumu haiharibiki.

Kumfuga ni jambo jingine. Anayefuga mbwa bila haja hupungukiwa thawabu kila siku, imethibiti. Walioruhusiwa ni wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na Imam Nawawi kaona kuwa ulinzi wa nyumba nao unaingia humo. Mafundi wa Keko wanaoacha mbao na mashine usiku wanaielewa haja hiyo. Ila mahali pake ni uani au getini, si chumbani tunaposwali na kulala. Mbwa wa As-habul Kahf alinyoosha miguu kizingitini, na bado Qur'ani imemhesabu pamoja nao.

Na kumtibu mgonjwa si kumfuga. Kumtupa akiwa na mguu uliovunjika ndiko kunakonitisha, nikikumbuka yule mwanamke aliyeingia motoni kwa paka aliyemfungia bila chakula. Hata serikali ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Kwa hiyo mama, baba asidharauliwe, anaogopea swala yake. Mwekeeni boksi uani, bakuli lake peke yake, kijana avae glavu au mfuko wa nailoni. Mpelekeni kwa daktari wa mifugo atazamwe mguu na apangiwe chanjo ya kichaa cha mbwa. Akimng'ata mtu, hata kidogo, oshea jeraha maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Msipake dawa za kienyeji mkangoja. Ugonjwa ule dalili zikishaonekana, kupona ni nadra mno.

Vijana mnaopenda kujitolea, Dar es Salaam zipo TAWESO na TSPCA, waulizeni mnaweza kusaidia nini. Na wale watoto wanaowapiga mawe mbwa koko wakitoka madrasa, wazazi wao mmo humu, mnajijua.

Akipona atahitaji kazi. Mwenye karakana anayetaka mlinzi, na ana nafasi uani, aniandikie kabla ya tarawehe.

Wabillahi tawfiq.