Kila Mtaro Una Mwenyewe

*Mwalimu, mimi ni mama wa watoto watatu, tumepanga Tuwan hapa Kitale, na nina kiduka mbele ya ploti tunayokaa. Nilizaliwa Bungoma nikaolewa huku. Shida yangu ni takataka. Mbele ya lango letu watu wamepageuza jaa. Jioni ikiingia wanatuma watoto na mifuko, mtoto anatupa na kukimbia. Mtaro wa kando ya njia umeziba, na mvua ikinyesha maji machafu yanaingia vyumba vya chini. Taa ya mulika mwizi nayo ilizimika, na wezi wamerudi.*

*Nimemwambia chifu, nimesema barazani, nimeandika kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa. Nilichopata ni matusi. Jirani mmoja aliandika kwamba mimi ni mtu wa kuja, Kitale ikinishinda nirudi kwetu. Mwenye ploti ameniambia kwa upole kwamba wapangaji wenye maneno mengi huwa hawakai. Mume wangu anataka ninyamaze. Kaka yangu anasema nirudi Bungoma, huko mambo ni afadhali. Lakini kuna akina mama wanaotaka niwe mwenyekiti wa kamati ya mtaa. Ninyamaze, nihame, au nikubali uenyekiti?*

*Mama wa Tuwan, Kitale*

Mama wa Tuwan, nikujibu kwa ufupi kwanza: usinyamaze, usihame, na uenyekiti usiukubali. Sasa nikueleze.

Kosa si kusema kwako. Umesema sana, ila umewaambia watu ambao hata wakikuhurumia hawana la kufanya. Chifu ni mtu wa serikali ya kitaifa. Wezi wanaorudi usiku mpelekee, hiyo ni kazi yake pamoja na polisi na wazee wa Nyumba Kumi. Lakini chifu hana lori la taka, hana bajeti ya mitaro, wala hawezi kumwamuru dereva wa kaunti. Ukimlilia kuhusu jaa atakuitikia kwa heshima, pengine alitaje barazani, na habari itaishia hapo.

Mabaraza ya manispaa yalivunjwa baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na kazi zake zikahamia kwa serikali za kaunti. Ukifungua Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, utazikuta zimeorodheshwa: kuzoa na kutupa taka, taa za barabarani, maji ya mvua mijini, masoko, leseni za vileo, kelele na kero nyingine za umma. Kwa hiyo jaa lako, mtaro wako na ile mulika mwizi ni mzigo wa Kaunti ya Trans Nzoia na manispaa yake ya Kitale. Anza kwa msimamizi wa wadi. Huyo ni mwajiriwa wa kaunti aliyewekwa karibu nawe kwa ajili ya mambo kama haya, na wakazi wengi hawajui hata ofisi yake iko wapi. Juu yake yuko msimamizi wa kaunti ndogo, na kwa mambo ya mji yuko meneja wa manispaa.

Na MCA, mwakilishi wa wadi yenu katika bunge la kaunti? Mwone, lakini ujue unachomwomba. Kazi yake ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuwabana watendaji wa kaunti waeleze wanachofanya. Hana koleo ofisini. Mwambie aulize swali bungeni kuhusu taa na mtaro wenu. Ukimwomba pesa za mfukoni mwake za kulipa vijana wazibue, mtapata usafi wa wiki moja na deni la kura la miaka mitano.

Kabla ya kuandika popote, hakikisha mtaro ni wa nani. Kama uko kando ya barabara kuu ya A1, ile inayotoka Webuye kupita Kitale kwenda Kapenguria na Lodwar, mwenyewe ni Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Baadhi ya barabara za mjini ziko chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA. Njia za ndani ya mtaa kwa kawaida ni za kaunti. Barua nyingi hufa kwa sababu zilipelekwa ofisi isiyohusika, na karani akapata jibu jepesi la kusema, "Hiyo si yetu." Ukimsikia akisema hivyo, muulize ni ya nani, na umwombe aliandike.

Sasa barua yenyewe. Watu wetu wakiandikia serikali hupenda kuanza na hasira na kumaliza na vitisho, na katikati hamna kitu. Wewe andika hivi:

"Mtaro ulio upande wa kushoto wa njia ya kuingia mtaani kwetu umeziba kwa takriban hatua sitini. Mvua ikinyesha, maji machafu huingia vyumba vinane vya wapangaji na kutuama hadi siku ya pili. Tunaomba uzibuliwe kabla ya mvua za Agosti, na tujibiwe kwa maandishi ni lini kazi itafanywa. Sisi ni wakazi tuliotia sahihi hapa chini."

Weka tarehe. Ambatisha picha mbili, moja ya kiangazi na moja ya siku ya mvua. Chapisha nakala mbili, upeleke zote, na usiondoke bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa. Pale muhuri ulipo, barua yako imeingia kwenye kumbukumbu za ofisi, na hakuna atakayesema hakuiona. Maneno ya WhatsApp yanapotea jioni hiyo hiyo. Usichanganye taa, jaa na mtaro kwenye karatasi moja. Andika barua tatu, maana kila moja inakwenda kwenye meza yake.

Ofisi zikikaa kimya, una njia mbili. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mwananchi haki ya kupeleka ombi kwa bunge la kaunti, na inazitaka mamlaka za kaunti zijibu malalamiko bila kuchelewa. Pia iko Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Kwa sheria hiyo unaweza kuuliza: lori la taka hupita wadi yetu siku zipi, nani amepewa kandarasi, taa hii imetengewa pesa mwaka huu? Ofisi inatakiwa kukujibu ndani ya siku 21. Isipokujibu, unaipeleka kwa Ofisi ya Ombudsman. Huhitaji wakili, wala huhitaji kueleza kwa nini unataka kujua.

Kuna na msimu wa kudai. Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai, na makadirio ya bajeti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Mikutano ya kusikiliza wananchi hufanywa kabla ya hapo. Wengi huja wakitarajia nauli na soda, wanasimama na kusema "tunataka barabara, tunataka maendeleo," na maneno hayo yanaandikwa na kusahaulika. Nendeni watano mkitaja kitu kimoja: mtaro fulani, kutoka hapa hadi pale. Kitu chenye jina na urefu kinaweza kuingia kwenye bajeti, na kikiingia mnaweza kukifuatilia.

Haya si mageni Kitale. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la ITDG, ambalo leo linaitwa Practical Action, lilikaa na baraza la manispaa na wakazi wa Kipsongo, Shimo la Tewa na Tuwan hiyo hiyo yako. Wakazi wenyewe walisaidia kupanga mitaa yao na kusema kipi kitangulie kati ya maji, vyoo na njia. Huenda kuna mzee jirani yako aliyeketi kwenye mikutano ile. Mtafute. Mtu aliyewahi kuona mtaa wake ukiandikwa kwenye karatasi na karatasi ikawa kazi ana faida kubwa kwenu kuliko mimi wa gazetini.

Ya Bungoma nayo, mwambie kaka yako asikuvutie kwa sifa. Naijua Bungoma. Mvua ikinyesha, huko nako watu huvua viatu. Kampuni ya maji ya Nzoia kwa miaka mingi ilihudumia Kitale, Bungoma, Webuye na Kimilili, kwa hiyo hata mifereji ikikauka mlikuwa mkimlalamikia mtu mmoja. Na ni Bungoma iliyovuma nchi nzima mwaka 2015 kwa toroli kumi za mkono zilizonunuliwa kwa zaidi ya Sh100,000 kila moja. Nasema hivi si kwa kuicheka. Mji hausafishiki kwa kuhamwa, na aibu ile ilijulikana kwa sababu kuna aliyeisoma hesabu mstari kwa mstari. Hata Trans Nzoia hesabu zipo, wasomaji ndio wachache.

Tuje kwa majirani, maana nahisi hapo ndipo panapokuuma. Huyo aliyekuita mtu wa kuja usimjibu kwenye grupu, leo wala kesho. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Hakisemi mwenyeji, hakisemi mwenye ploti. Hilo likutulize wewe, lakini usimtupie yeye. Ukimtupia kifungu, atakutupia tusi jingine.

Na wale wanaotuma watoto na mifuko, wengi hawafanyi kwa ubaya. Mama aliyerudi saa moja jioni ana ndoo iliyojaa, mwenye nyumba hajaweka pipa, mwenye mkokoteni wa taka anataka pesa, na pale mbele ya lango lenu tayari pameoza. Uliza hivi: kwenye lile jaa kuna nini hasa? Nadhani utakuta maganda ya ndizi, maganda ya mahindi mabichi, majani ya sukuma, majivu, chupa za plastiki na pampasi. Hayo yanayooza yana wateja, kuanzia mwenye ng'ombe hadi mwenye shamba anayetaka mbolea. Chupa zina wanunuzi wanaopita na magunia. Kinachobaki ni kidogo, na ndicho kinachohitaji lori. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inatutaka tutenganishe taka zinazooza na zisizooza tukiwa bado nyumbani. Anzeni ploti mbili tu, magunia mawili kila moja. Msitangaze kampeni. Mtaa mzima ukihubiriwa hukasirika, lakini ploti mbili zikiwa safi watu huuliza zimefanyaje.

Mwenye ploti umwendee kwa adabu, lakini usimwogope kupita kiasi. Kiduka chako, kama umekikodi bila mkataba wa maandishi, kinalindwa na sheria ya wapangaji wa maduka. Hawezi kukutoa bila notisi rasmi isiyopungua miezi miwili, na una haki ya kuipinga mbele ya Mahakama ya Kodi za Nyumba za Biashara. Na kama kodi ya chumba haizidi Sh2,500 kwa mwezi, kuna baraza la kodi ambalo lazima litoe amri kabla ya kufukuzwa. Usimtajie haya mapema. Yaweke akilini kama akiba.

Kuna jambo moja yeye analijua, na pengine ndilo lililomfanya aseme kwa upole. Ploti isiyo na pipa, au inayomwaga maji ya bafu na choo kwenye mtaro wa umma, humletea mwenyewe matatizo. Bwana afya wa kaunti anaweza kumpa notisi chini ya Sheria ya Afya ya Umma, aondoe kero au apelekwe mahakamani. Kwa hiyo mwombe pipa kabla ya kumwita bwana afya. Mwonyeshe kwamba barua yenu kwa kaunti inamsaidia, kwa sababu vyumba vinavyoingia maji ni vyake na mpangaji anayehama ni kodi yake. Mwombe atie sahihi. Akitia, umepata mwenzako. Akikataa, barua iende bila yeye, na bila kumtaja.

Sasa uenyekiti. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mwenyekiti aliyechaguliwa kwa sababu ndiye pekee anayesema hubaki kidole kimoja chenye cheo. Matusi yote yatakuja kwako, na siku ukichoka kamati itakufa. Uenyekiti mpeni mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote, ikiwezekana mwenye ploti anayeishi hapo hapo mtaani. Msemaji awe kijana asiyeogopa ofisi. Wewe omba ukatibu. Katibu ndiye anayeandika barua, kuhesabu siku 21, kuweka nakala zenye muhuri kwenye faili moja na kuuliza kwenye kila kikao, "Hili tulilopeleka mwezi uliopita limefika wapi?" Ni kazi isiyo na kelele, na ndiyo itakayomtuliza mume wako, kwa sababu jina lako halitakuwa la kwanza kutajwa kwenye ugomvi. Yeye mwombe jambo moja tu: Jumamosi asubuhi, aje na koleo.

Kikao cha kwanza kiwe kifupi, ajenda moja, mtaro. Taa ifuate mtaro ukijibiwa. Na barua ya kwanza ikishagongwa muhuri, nitumie nakala. Nitaichapisha hapa bila majina, ili mama wa Matisi au wa Kanduyi asianze kwa kumlilia chifu.