Tupime Joto la Nyumba Kabla ya Kununua Kiyoyozi



Katika maombi yanayotufikia kutoka Bukoba na Muleba, viyoyozi vimeanza kutajwa, mara nyingi bila kipimo chochote cha chumba. Katika somo hili tunaeleza namna ya kupima.

Bukoba si Dar es Salaam. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kila tukipanda mita 100 zaidi, joto hushuka kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Nyumba ya vilimani Muleba huhitaji blanketi usiku kuliko kiyoyozi mchana. Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, jua la adhuhuri hupiga paa kuliko kuta, na bati lisilo na dari hugeuka tanuri. Wazee wetu waliezeka mushonge kwa nyasi nene mpaka chini, jua lisipenye, wakagawa ndani kwa matete, kila sehemu na kazi yake. (Moshi wake hatuusifu.) Basi dari na matundu ya hewa vitangulie. Baada ya hapo vyumba vingi vitatosheka na pangaboi.

Chumba kikibaki na joto, tuhesabu. Mafundi wengi huanza na BTU 500 hadi 600 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 4 kwa 5 kitahitaji BTU 10,000 hadi 12,000. Lakini kanuni hii hudanganya penye watu wengi. Mtu aliyeketi hutoa joto la wati 100 hivi, na kompyuta ya mezani karibu kiasi hicho hicho. Wanafunzi 15 na kompyuta 15 ni wati 3,000, wakati kiyoyozi cha BTU 12,000 huondoa wati 3,500 tu. Joto la paa na madirisha bado hatujalihesabu.

Wengine husema, basi tununue kikubwa kabisa. Hapana. Kiyoyozi kikubwa kupita kiasi hupoza upesi na kuzima kabla hakijakausha hewa, na hewa ya kando ya ziwa ina unyevu mwingi. Chumba kitakuwa baridi na chepechepe.

Tusipoze jengo zima. Stoo ya dawa na chumba cha kompyuta vipewe kila kimoja mashine yake na mlango unaofungwa vizuri; korido na sebule ziachwe. Kiyoyozi kinachokula uniti 1 kwa saa, kikiwashwa saa 8 kila siku, kitamaliza uniti 240 kwa mwezi. Mfadhili hununua mashine mara moja, lakini LUKU italipwa na usharika.

Kuhusu baridi ya usiku, jiko la mkaa lisiwekwe kamwe katika chumba kilichofungwa. Hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo huua watu usingizini.

Maombi yajayo yaambatane na mchoro wa jengo wenye urefu na upana wa kila chumba, upande wa madirisha, idadi ya watumiaji, saa za matumizi, na maelezo kama dari ipo.