Nani Alimwandika Babu Yako?

Mali bila daftari hupotea bila habari. Watu nao ni vivyo hivyo. Mjukuu akiuliza habari za babu wa babu yake huambiwa, "Alikuja na Mjerumani," au, "Alitoka bara, akaoa hapahapa." Simulizi hukatika hapo. Shajara hakuna, picha hakuna, na kaburini lipo jiwe tupu.

Hata hivyo, huenda mzee huyo aliandikwa. Mtoza kodi alitaka fedha yake, padri alitaka roho yake, karani wa jeshi alitaka mabega yake, na kila mmoja alikuwa na kitabu mkononi. Basi usianze kwa kulisaka jina la babu. Jiulize kwanza: nani alikuwa na haja naye, mahali gani, mwaka gani? Majalada ya serikali za kikoloni yalipangwa kwa ofisi, kwa wilaya na kwa mwaka. Hayakupangwa kwa majina ya wakulima na mahamali. Anayeingia humo na "Juma Hamisi" peke yake atatoka jioni na vumbi. Anayeingia na mahali na mwaka ana pa kushika.

Mahali na mwaka hupatikana mara nyingi kwenye vikaratasi ambavyo nyumbani huonekana takataka.

ANZIA KASHANI

Kabla ya kukata tiketi ya basi, omba ruhusa ufungue kasha la bibi au sanduku la bati lililo chini ya kitanda. Pekua Msahafu, Biblia na vitabu vya nyimbo ukurasa kwa ukurasa, maana humo ndimo wazee walimohifadhi karatasi walizoziogopea. Tafuta risiti za kodi, vipande, vyeti vya ubatizo na ndoa, hati za shamba, kadi za chama, tiketi za meli, kalenda za duka, bahasha zenye stempu, na picha zenye muhuri wa studio kwa nyuma. Usiidharau kadi ya mwaliko wa harusi: hutaja wazazi wa pande mbili na mtaa, na mara nyingine wajomba ambao hakuna anayewakumbuka tena.

Piga picha kila kitu pale pale kilipo kabla ya kukiondoa, kisha andika kilitoka kasha gani na kitabu gani. Karatasi iliyokuwa ndani ya Biblia ya shangazi ni habari ya shangazi vilevile.

Usiunganishe mipasuko kwa selotepu, wala usiipeleke karatasi kupigwa lamineshini. Joto na plastiki vikishaingia, havitoki. Itie kwenye bahasha safi ya karatasi, mbali na unyevu na mende.

ISOME KARATASI KABLA YA JINA

Tuseme umekuta risiti yenye ukubwa wa kiganja. Juu imepigwa chapa "Tanganyika Territory". Katikati, kwa wino uliofifia ukawa rangi ya chai, pana jina Hamisi Salimu, kijiji chake wilayani Pangani, jumbe wake, na kiasi kwa shilingi. Muhuri uligongwa kwa haraka. Katika mwaka inasomeka tarakimu ya mwisho tu, 8.

Jina la Tanganyika lilianza kutumika rasmi 1920, na shilingi ya Afrika Mashariki ilianza 1921. Kwa hiyo 1918 imetoka. Imebaki 1928, 1938, 1948 au 1958. Sasa shuka hadi ukingo wa chini wa karatasi. Huko, kwa herufi ndogo kama chembe za ulezi, mpiga chapa wa serikali mara nyingi aliacha alama yake: idadi ya nakala, mwezi na mwaka wa kuchapa. Ukisoma 3/27, fomu ilitoka Machi 1927, na fomu zinazotumika kila msimu wa kodi hazikai stoo miaka kumi na moja. Anza na 1928. Aliyetozwa alikuwa mtu mzima, basi Hamisi huenda alizaliwa kabla ya 1912 hivi. Karatasi moja imekupa kijiji, mwaka na makisio ya umri. Imekupa pia jina la jumbe, mkuu wa kijiji ambaye serikali ilimwandika mara nyingi kuliko Hamisi. Mfuate jumbe, utamfikia Hamisi.

Fedha ni saa nzuri ya kupimia karatasi. Wakati wa Mjerumani rupia moja ilikuwa pesa 64. Kuanzia 1904 ikawa heller 100. Hati inayotaja heller basi haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka huo. Kenya ilitumia rupia hadi 1920, ikaonja florini kwa muda mfupi, kisha ikaingia kwenye shilingi. Stempu nazo husema: kichwa cha Mfalme George wa Tano ni cha 1910 hadi 1936, na cha George wa Sita ni cha kuanzia hapo hadi 1952, ingawa stempu za mfalme ziliweza kuuzwa bado baada ya yeye kufa. Kadi ya TANU haiwezi kutangulia 1954, mwaka chama kilipozaliwa.

Ukikuta tarehe ya Kiislamu, zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97 kisha ongeza 622. Mwaka 1318 hukupa 1900 na nusu. Na kweli 1318 ilianza mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei 1900. Hesabu hii ni ya makisio. Siku kamili itafute kwenye jedwali la kalenda.

Mahali napo huvaa majina mengine. Wilhelmstal ya Mjerumani ndiyo Lushoto, Bismarckburg ndiyo Kasanga, Neu-Langenburg ndiyo Tukuyu. Kwa upande wa Kenya, Port Florence ni Kisumu, Fort Hall ni Murang'a, na Thomson's Falls ni Nyahururu.

WALIOKUWA NA HAJA NAYE

Wa kwanza ni mtoza kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba 1898, na kule Kenya kodi ya vibanda ilianza 1901. Usitegemee kukuta daftari zima la walipa kodi wa kijiji chenu. Ndiyo maana risiti ya nyumbani ni dhahabu.

Baada yake kuna mwajiri. Hapa angalia neno "kipande", kwa maana lina sura mbili. Nchini Kenya, kipande kilichoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kilikuwa kitambulisho cha mwanamume Mwafrika, chenye alama za vidole, kabila, majina ya waajiri, mshahara na tarehe za kuingia na kutoka kazini. Alikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kipande kilikuwa kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi. Kama babu alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, basi neno lenyewe linakuonya: kambini huenda alijulikana kwa namba kabla ya jina. Ipate namba hiyo.

Kuna pia misheni. Rabai ina historia ya misheni tangu 1846, Bagamoyo tangu 1868, na Frere Town, pale kengele iliyoacha jina la Kengeleni huko Mombasa, tangu 1875. Kitabu cha ubatizo huandika tarehe, jina jipya, wazazi wakijulikana, na wasimamizi. Katika parokia za Kikatoliki soma pambizo za ukurasa: humo padri wa baadaye aliongeza kipaimara na ndoa, hata kama ndoa ilifungwa mbali. Maneno machache ya Kilatini yanatosha kukuvusha: filius ni mwana wa kiume, filia wa kike, uxor mke, obiit amefariki. Waandike wasimamizi pia, kwani aghalabu ni ndugu au watu waliotoka pamoja.

Mahakama nazo hazisahau deni wala urithi. Katika mwambao wa Kenya, sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwalazimu wenye madai kuja kueleza shamba walilipataje. Mtu alipodai kurithi, ilimbidi amtaje aliyemrithi. Mashauri ya kadhi, wakfu na mirathi hutaja wanawake ambao mtoza kodi aliwapita bila kuwaona. Ukimtafuta bibi, tafuta mahari, talaka na mirathi.

Jeshi liliandika wengi na kusahau wengi zaidi. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimepata majina yao kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri. Ukikosa jina la mpagazi kwenye orodha, hilo si ushahidi kwamba hakwenda. Askari wa King's African Rifles, ambao wazee huwaita Keya, waliacha alama zaidi: namba ya jeshi, batalioni, cheti cha kuachishwa, na medali zilizochongwa jina ukingoni.

Mwisho, magazeti. Msimulizi la wanafunzi wa Kiungani, Unguja, lilianza 1888. Mambo Leo la Dar es Salaam 1923. Baraza la Nairobi 1939. Usisome vichwa vya habari tu. Soma barua za wasomaji, mashairi, salamu za rambirambi na habari za wilaya, kwa sababu humo watu wa kawaida walitia majina na vijiji vyao. Magazeti rasmi ya serikali, kama lile la Zanzibar lililoanza 1892 na la Kenya lililoanza 1899, hutangaza mirathi, leseni na uteuzi. Matoleo mengi ya zamani ya lile la Kenya yanasomeka bure kwenye intaneti.

JINA MOJA, SURA NYINGI

Karani aliandika alichosikia kwa masikio ya kwao. Juma kwa Mjerumani huwa Djuma, na Shabani huwa Schabani. Mfaransa huandika Djouma na Chabani. Mwingereza humfanya Hamisi kuwa Khamis leo na Hamis kesho. Andika mapema sura zote unazoweza kuzikisia, kisha zitamke kwa sauti. Sikio hukamata kinachokwepa macho.

Usiunganishe watu wawili kwa jina pekee. Majina yetu hurudi, babu akampa mjukuu. Dai angalau mambo matatu yakubaliane: jina, mahali, na kimojawapo kati ya umri, kazi, mke au jumbe.

UKIFIKA KWENYE NYARAKA

Nyaraka za Taifa za Tanzania ziko Upanga, Dar es Salaam; za Zanzibar ziko Kilimani; za Kenya ziko Moi Avenue, Nairobi. Kumbukumbu za Kijerumani zilizoko Dar es Salaam zimo katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu za Dunia tangu 1997. Uliza mapema kuhusu kibali, ada na ruhusa ya kupiga picha. Chukua kitambulisho na penseli. Kalamu ya wino haikaribishwi juu ya karatasi za zamani.

Mwambie mhudumu, "Natafuta mafaili ya wilaya ya Pangani, 1925 hadi 1930, yanayohusu majumbe na kodi." Usimwambie, "Namtafuta babu yangu." Omba pia vitabu vya wilaya, ambamo mabwana shauri waliandika koo, majumbe na mipaka. Nakili namba ya jalada kabla ya kusoma mstari wa kwanza; habari isiyo na namba ya jalada utaitafuta mara ya pili kwa machozi.

YATAKAYOUMA

Biashara ya utumwa imepita katika koo nyingi za pwani, upande wa mtumwa, wa bwana, au pande zote mbili. Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, aliyetaka uhuru alitakiwa kwenda mahakamani kuuomba, na hapo aliandikwa. Katika hati za zamani, mtu anayeitwa khadimu (mtumwa) wa fulani, au huru (aliyeachwa huru) wa fulani, si lazima awe wa damu ya huyo fulani. Hilo linaweza kubomoa nasaba ambayo familia imejivunia miaka mingi. Usilitangaze kwenye kundi la simu la ukoo usiku huohuo. Wape wazee kwanza, ana kwa ana.

Kwa wazee ndiko karatasi inakopaswa kurudi hata kama haina lolote la kuumiza. Ukimuuliza bibi, "Babu yako alizaliwa lini?" atasema hajui, na ni kweli hajui. Lakini keti naye, msomee risiti, mtajie jumbe. Huenda akacheka: "Yule! Si ndiye aliyechukua mbuzi wa mama yetu mwaka wa nzige?" Usimkatishe. Washa kinasa sauti, na baadaye utafute katika mafaili ya wilaya ni mwaka gani nzige waliingia Pangani.