Droo ya vifaa ndani ya Probox

Swali: Mimi ni fundi umeme hapa Kakamega. Je, reli za droo za jikoni zitabeba kilo 90 za vifaa nyuma ya Probox?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Nyingi hubeba kilo 30 hadi 45 kwa jozi, tena nyumbani, si kwenye murram ya Shinyalu. Tafuta jozi ya kilo 150, kwani kila shimo huzidisha mzigo. Zifunge ubavuni mwa droo. Zikilazwa chini yake, nguvu hupungua mno. Lililo kubwa ni kufuli ya kushika droo ikiwa ndani na ikiwa imevutwa nje. Bila hiyo, ukipanda mlima droo itagonga mlango wa nyuma. Ukiegesha pua ikielekea bondeni, itarudi ikubane vidole. Boliti zishike fremu ya chuma, si mbao tupu.